Mita ya Jirani

Mama mkwe wangu alipiga marufuku neno "kufa" ndani ya chumba changu cha kujifungulia saa nne asubuhi, na mpaka leo sijui kama nimshukuru au nimlaumu.

Chanzo kilikuwa daktari wa usingizi. Cheo chenyewe kilishamtia mama kiwewe kabla mtu hajafungua mdomo. Daktari alipoingia na kofia yake ya kijani na trei ya sindano, mama aliinuka akasimama katikati yake na kitanda changu.

"Usingizi wa nini, daktari? Huyu amekuja kuzaa, hakuja kulala."

Daktari, kijana mtaratibu mwenye miwani, akaeleza kwamba halazwi mtu. Atachoma sindano mgongoni, ataacha mrija mwembamba kama uzi, na dawa itapita humo kidogo kidogo mpaka maumivu yapungue. Tena hospitali ile ilikuwa imeanza kutoa kipimo chepesi, ambacho mzazi anaweza kusimama na kutembea nacho. Wakunga walikiita ganzi ya kutembea.

"Na miguu yake?" mama akauliza.

"Itakuwa mizito kidogo. Haifi ganzi kabisa."

"Haifi nini?"

"Haifi ganzi, mama."

"Hilo neno tusilisikie humu. Kuna kiumbe anakuja, asije akalikuta mlangoni. Sema imelala. Miguu imelala, mgongo umelala, basi."

Nilikuwa nimeuma shuka kwa uchungu, lakini nilicheka. Daktari naye akatii. Kuanzia hapo kila aliyeingia alisomewa sheria ya mama, na kila mmoja akaniuliza kwa adabu kama miguu imelala. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na kufikia saa nne mimi nilikuwa nimeshaujua wa kunitosha. Wangeniambia niite miguu yangu mawe, ningeiita mawe, ili mradi sindano ije.

Lakini niseme kweli, niliiogopea sana miguu hiyo. Mimi ni msoma mita wa maji. Kazi yangu ni kutembea: nyumba mia kwa siku, geti kwa geti, mbwa kwa mbwa. Nainama, nafuta udongo juu ya kioo, nasoma namba, naandika, nasonga mbele. Kazini wananiita Mita. Hata mume wangu, ambaye siku hiyo alikuwa safarini na lori akipiga simu kila penye mtandao, ameniandika Mita kwenye simu yake. Mtu wa namna hiyo ukimwambia miguu yake italala, lazima akuulize itaamka saa ngapi.

Sindano iliingia, baridi ikateremka mgongoni, na baada ya robo saa uchungu ukageuka kuwa kukazwa tu, kama mtu ananikumbatia kwa nguvu bila nia mbaya. Nililia kwa raha. Kisha, kwa kuwa sikuwa tena na maumivu ya kunishughulisha, nikaanza kusoma mashine.

Ilikuwa kando ya kitanda, juu ya kimeza chenye magurudumu. Mikanda miwili ilizunguka tumbo langu, mmoja wa kupima tumbo linavyokaza, mwingine wa kusikiliza moyo wa mtoto. Kwenye kioo palikuwa na namba ya kijani. Mia arobaini na sita. Mia arobaini na mbili. Mia na hamsini. Mkunga alikuwa ameniambia ikicheza kati ya mia na kumi na mia na sitini hakuna neno. Mkunga huyu alikuwa mwanamke wa kimo, mwenye sauti ya gwaride, na wodi nzima ilimwita Sajenti, mbele yake na nyuma yake.

"Usiitumbulie macho," aliniambia. "Hiyo ni kazi yangu."

"Sista, kusoma namba ndiyo kazi yangu mimi."

"Basi leo uko likizo."

Sikuweza kuwa likizo. Nina sababu, na si nzuri.

Miaka mitatu nyuma, kwenye njia yangu kulikuwa na mwalimu mstaafu aliyeishi peke yake, ukuta mmoja na jirani mwenye watoto wengi. Mita zao zilikaa pamoja kwenye shimo moja nje: ya kulia ya mwalimu, ya kushoto ya jirani. Siku hiyo nilibisha hodi nimsalimie kama kawaida, hakuitika. Nikainama shimoni. Mita ya kulia ilikuwa inakwenda, kile kigurudumu chekundu kinazunguka mbio. Nikasema moyoni, mwalimu anaoga, nisimsumbue. Nikaandika namba, nikaenda zangu. Kumbe wiki ile mafundi walichimba pale na kurudisha mabomba kinyume. Mita ya kulia sasa ilikuwa ya jirani. Mwalimu alikuwa ameanguka bafuni, yuko sakafuni na kiuno kimevunjika, bado anapumua. Walimkuta siku tatu baadaye, na hakuwa anapumua tena.

Ofisini waliniambia kosa ni la mafundi. Ni kweli. Lakini aliyeona namba inakwenda akaamini mtu yuko salama alikuwa mimi. Tangu hapo, penye mita mbili, nafunga kwanza bomba la nyumba moja nione ipi inasimama. Wenzangu wananicheka kwamba nachelewa kumaliza njia. Wacha wacheke.

Saa nane mchana Sajenti alinipima, akavua glavu, akanipa habari. Njia ilikuwa imefunguka sentimita saba tangu saa sita na haijasogea. Mtoto alikuwa bado juu.

"Tutembee," akasema. "Sikuahidi kitu. Wengine huwasaidia, wengine hapana. Lakini mambo yakibaki hivi, jioni namwita daktari wa upasuaji."

Mama akashika kichwa. "Atembee na mrija mgongoni?"

"Ndiyo maana ikaitwa ya kutembea, mama."

Kwanza alinipa mtihani. Inua mguu wa kulia, unyooshe, sukuma mkono wangu. Wa kushoto. Sukuma kama umenikasirikia. Nikasukuma, na hasira haikuwa mbali. Akapima presha nimekaa, akapima tena nimesimama. Kisha nikashika ukingo wa kitanda, nikachuchumaa kidogo, nikainuka. Magoti yalitetemeka lakini yakainuka. Nyayo zilikuwa kama nimevaa soksi tatu tatu. Niliziona zikigusa sakafu kabla sijazihisi, na hilo liliniogopesha kuliko nilivyomwonyesha mtu yeyote.

Niliposimama wima mikanda iliteleza. Namba ikapotea, vikabaki vistari viwili. Sajenti akainama, akakisogeza kile kidude cha kusikilizia huku na kule, chini ya kitovu, pembeni, akakaza mkanda. Sauti ikarudi, tup-tup-tup, na namba ikatokea. Mia ishirini na sita.

"Huyo hapo," akasema. "Twende."

Tulikuwa msafara wa ajabu. Mimi katikati, mkono mmoja kwenye nguzo ya dripu iliyobeba pampu ya dawa. Sajenti kushoto, amenishika kwapani. Mama kulia, anasukuma kimeza cha mashine kama toroli ya sokoni, na chupa ya chai ameibana ubavuni kwa sababu hakumwamini mtu wa kumwachia. Korido ilikuwa na vigae vya kijivu, harufu ya dawa ya kusafishia, milango sita, na dirisha mwisho. Mlango wa pili alikuwako mtu analia kwa sauti nene. Mlango wa nne kulikuwa kimya, na mimi kimya kile sikukipenda.

Hatua ya tano goti la kushoto lilijikunja bila ruhusa yangu. Sajenti alinidaka.

"Hujaanguka," akasema. "Niko hapa. Kaza goti, ndipo uinue mguu unaofuata."

Nilitaka kurudi. Niliwaza kwamba nikianguka namwangukia mtoto, na kwamba kama kuna kitu kinamuuma humo ndani mimi sitajua, maana nimeilipa ganzi inizibie masikio. Tangu adhuhuri sikuwa nimemhisi akipiga teke hata moja. Niliuliza. Sajenti akasema ganzi huficha mateke, nitazame mashine. Ajabu, sasa alitaka niitazame.

Nikaitazama. Hatua ya kumi, mia thelathini na moja. Ya ishirini, mia thelathini na tano. Dirishani, hatua ya thelathini na mbili, mia thelathini na nane.

"Mtoto anapenda matembezi," Sajenti akasema.

Tukapumzika dirishani. Nje kulikuwa na maegesho na mwanamume anaosha gari kwa ndoo. Pumzi yangu ilipotulia, namba ilishuka. Mia ishirini na nne. Mia na kumi na tisa. Kitu kilinikuna kichwani, kama unapofunga mlango wa nyumba na unajua kuna ulichosahau ila hukijui.

Tulipogeuka kurudi, tumepiga hatua kama kumi na moja, chupa ya chai ilimponyoka mama. Ilipasuka kwenye vigae kwa kishindo cha kuamsha jengo zima. Moyo wangu ulilipuka. Na papo hapo, macho yangu yakiwa juu ya kioo, namba ikaruka kutoka mia na kumi na tisa hadi mia arobaini na tatu.

"Mtoto kashtuka, masikini," mama akasema. "Mnisamehe, mikono yangu hii."

Huenda alishtuka. Watoto husikia. Sajenti alikuwa amegeuka kumwita mfagiaji. Lakini ule mruko niliuhisi kifuani mwangu mimi, na kadiri kifua kilivyotulia, namba nayo ilitulia, tukishuka pamoja ngazi kwa ngazi. Nikaweka vidole viwili shingoni. Nikatazama saa ya ukutani. Sekunde kumi na tano: thelathini na tatu. Mara nne, mia thelathini na mbili.

Nikatazama kioo. Mia thelathini na mbili.

"Sista," nikasema, "hii mita ni ya jirani."

"Nini?"

"Namba hii si ya mtoto. Ni yangu. Mnasoma nyumba isiyo yake."

"Yarabi," mama akasema, "dawa imempanda kichwani."

Sajenti akaniangalia kwa lile tabasamu wanalowekewa wagonjwa. "Mtoto yuko sawa, mama. Kelele zimemshtua, sasa ametulia. Pengine amelala."

Amelala.

Tangu saa nne asubuhi sote tulikuwa tumekubaliana neno hilo linasimama badala ya lipi. Yeye alilisema kwa maana yake ya kawaida, najua. Mimi nililisikia kwa maana ya mama. Nilimwona mwalimu. Niliona kigurudumu chekundu kinazunguka, na mimi naandika, naenda zangu.

Sikuomba. Niliukamata mkono wa Sajenti nikaubandika kwenye kifundo cha mkono wangu, kwa nguvu iliyomwachia alama ya kucha. "Nipime mimi kwanza!" nilipiga kelele. "Nipime mimi, halafu uniambie amelala!"

Pengine alitaka tu ninyamaze. Alihesabu. Akatazama saa, akatazama kioo, akarudi kwenye saa. Niliuona uso wake ukibadilika, na sauti ya gwaride ikamtoka yote.

"Kweli," akasema polepole. "Ni wako."

Kisha haraka: "Kitanda hatua ishirini. Unaweza?"

Nilikuwa nimeshaondoka. Miguu ile niliyoiogopea tangu asubuhi, mizito, yenye soksi zake tatu, ilikanyaga chai na vigae bila kuuliza. Goti la kushoto lilijikunja mara mbili na mara mbili nikaliinua. Nilisikia mama akisukuma kile kimeza nyuma yangu, magurudumu yanalia, naye anataja majina yote ya Mungu anayoyajua.

Kitandani Sajenti alikitupa kile kidude cha mkanda, akachukua kipimo kidogo cha mkononi chenye spika. Akakipitisha tumboni. Mvumo, kama upepo kwenye bomba tupu. Mvumo. Kisha tup-tup-tup, mbio.

"Huu ni wako," akasema, maana mkono wake wa pili haukuachia kifundo changu. Akasogea. "Wako tena."

Mvumo.

Naapa sijawahi kuogopa vile. Sindano ilikuwa imechukua maumivu yote na kuniachia hofu peke yake, haina mwenzake wa kugawana naye nafasi. Mama alikuwa ameshika vidole vya mguu wangu, sikuvihisi, niliona tu amevishika.

Halafu ikasikika. Tup. Tup. Tup. Polepole, kama bomba lisilofungwa vizuri.

"Huyu," Sajenti akasema. "Themanini na mbili."

"Themanini ni nzuri?" mama akauliza. Sajenti alibonyeza kengele ya ukutani na hakukitoa kidole.

"Geuka! Magoti na mikono, kichwa chini!"

Niligeuka. Ganzi ingekuwa nzito wangenigeuza watu wanne kama gunia, lakini niligeuka mwenyewe, magoti yangu yakanibeba, na nikabaki hivyo nikisikiliza spika. Tisini. Mia na nne. Nikavuta pumzi. Themanini na sita. Watu wakaingia, daktari mmoja mwanamke akanipima, akasema njia imefunguka yote na mtoto ameshuka, amefika karibu kabisa. Matembezi yalikuwa yamefanya kazi yake huku yakituficha habari. Akasema hakuna kwenda popote, anazaliwa hapa, sasa hivi. Wakanigeuza tena. Akaandaa kikombe cha kumvuta mtoto kwa kichwa.

"Ukikaza, sukuma. Utasikia mgandamizo, si maumivu."

Nilisukuma mara tatu. Mara ya tatu nilihisi kitu kikubwa kikiniacha.

Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni mara mbili. Daktari alikikata upesi. Niliona mgongo mdogo, rangi ya zambarau, na mkono unaoning'inia. Wakampeleka kwenye meza yenye taa, hatua mbili kutoka miguuni pangu. Walimfuta, wakamsugua, wakambandika kibarakoa cha hewa. Hakulia.

Mama alifungua mdomo. "Ame..." akasema, akakosa neno. La kwanza alikuwa amelifukuza asubuhi, na la pili lilikuwa limeharibika.

Sajenti alishika kipande cha kitovu kwa vidole viwili. Mkono wake mwingine aliuinua hewani, na kwa kidole cha shahada akaanza kugonga hewa, ili wenzake waone moyo unavyokwenda bila yeye kusema. Kilikuwa kinagonga taratibu mno. Nilijua kusoma kitu kile bila kufundishwa.

Nikashika kifundo changu mwenyewe. Wangu ulikuwa unakimbia kama mwizi. Kidole cha Sajenti kilijikokota nyuma: wangu mara mbili, chake mara moja. Angalau nilijua hakinisomi mimi. Nilikodoa macho kwenye kidole kile nikaogopa kupepesa.

Hewa, ikabanwa. Hewa, ikabanwa. Kidole kikaongeza mwendo kidogo. Kikaongeza tena. Kikasogea, kikasogea, mpaka kikafika sawa na wangu, pigo kwa pigo, na hapo ndipo nilipoogopa kuliko pote, kwa sababu mapigo yakilingana sitajua tena ni ya nani. Nikakibana kifundo changu mpaka kikauma. Nikahesabu. Moja, moja. Moja, moja.

Kisha kidole kikaupita moyo wangu. Kikauacha nyuma, kikaenda zake mbio, peke yake, mwendo ambao haukuwa wangu hata kidogo.

Mtoto akakohoa. Akakoroma. Akalia, sauti kavu ya mlango usiotiwa mafuta, na Sajenti akashusha mkono.

"Ameamka," mama mkwe akasema, na miguu yake ndiyo iliyolala. Akaketi sakafuni palepale.